Daftari la Kituruki la Shangazi

Juzi nilimkuta baba, nyumbani Msambweni, akitazama tamthilia ya Kituruki. Pua yangu ikajaa harufu ya bajia, wala hakuna aliyekuwa akikaanga.

Nilipokuwa mtoto, Shangazi Mwanamisi, mdogo wake baba, alikuwa akijifunza Kituruki ili akasome Uturuki. Alasiri moja aliniketisha mkekani akaniandikia: ev, nyumba, evler, nyumba nyingi, evlerimizde, katika nyumba zetu.

"Sisi twabandika mbele ya neno, mwanangu, wao wabandika nyuma. Na kitendo hungoja mwisho wa sentensi."

Nilikariri kwa sauti, kama niko chuoni nasoma Kurani.

Baba akatoka ndani. "Mwanamke aende Uturuki peke yake, na mimi kaka yake ni hai?" Akalichana daftari, akanipa karatasi nimpelekee jirani muuza bajia.

Nilikwenda mbio, tena kwa furaha! Nilidhani kila mnunuzi atasoma maandishi ya shangazi yangu. Nilirudi na bajia zilizofungwa ndani ya evlerimizde, wino umelowa mafuta, nikamwonyesha shangazi. Hakulia. Alirudi kwenye mbuzi akaendelea kukuna nazi, na nazi alizikuna mpaka tulipomzika.

Basi juzi, katika ile tamthilia, mtu aliimba na wimbo haukufasiriwa. Baba akanigeukia, akacheka.

"Laiti shangazi yako angalikuwa hai, angalitufasiria."

Niliizima televisheni, nikaondoka na rimoti mpaka kwangu Ukunda.