Mkwe Wetu Aliyehamisha Majina

Evaline alizaliwa kwenye tambarare chini ya Gitting, katika boma la mzee Gidabuday, wakati Manyara ilikuwa bado sehemu ya Arusha. Baba yake hakuwahi kushika kalamu, lakini aliwapeleka mabinti shule kabla ya majirani zake, na waliomcheka wakati ule leo wanamwomba ushauri. Mtoto alikua akiwajua ng'ombe kwa koo zao: huyu ni mjukuu wa yule mwekundu aliyetoka Basotu, yule alikuja na bibi harusi. Mkoa wetu ulipoanzishwa na minara ya simu ikaanza kusimama vilimani, yeye alikuwa anakaribia sekondari. Baadaye alisoma kompyuta Arusha, na mwanangu Modest akamleta Dongobesh kwa ndoa ya kanisani.

Naandika habari zake kwa sababu mengi yamesemwa juu ya nyumba yetu, na ni vyema watu wapate yaliyo kweli.

Wifi yangu Kornelia, dada wa marehemu mume wangu, hakumpokea vizuri. "Wifi, umetuletea mchungaji wa ng'ombe," aliniambia. "Tena sasa anachunga kompyuta!" Kilichomuudhi zaidi ni mila. Kwao Evaline, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Mume wangu aliitwa Agustino. Basi hata mwezi wa Agosti, Evaline huuita wa nane tu, na kila mwenye jina lile humwita kwa jina la mtoto wake. Mimi niliona ni heshima kubwa. Kornelia aliona ni mambo ya porini.

Agustino alikuwa mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa wakulima wa vitunguu saumu. Alipofariki aliacha simu ya vitufe yenye watu zaidi ya mia saba, kuanzia Gitting hadi Yaeda Chini. Hakumwandika mtu yeyote jina tupu. Aliandika "Mzee Akonaay Yaeda Chini" au "Mama Perpetua Gitting", kama alivyowaita ana kwa ana. Misa ya kutimiza mwaka ilipokaribia, tuliamua kuwaalika wote kwa ujumbe wa simu, kila mtu kwa jina lake. Kioo cha ile simu kilikuwa kinakufa, kwa hiyo Kornelia akaipeleka kwa fundi sokoni, majina yakahamishiwa kwenye simu mpya. Aliporudi akatuma mialiko michache ya kujaribu, simu yenyewe ikijaza jina la ukoo la kila mtu.

Kesho yake Mzee Akonaay alifika kwa pikipiki, vumbi la Yaeda limemjaa hadi kope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu shingo upande. "Mama Modest, nani hapa kwenu ananiita kama mbuzi?"

Akanipa simu yake. Ujumbe ulisema: "Habari Chini, unakaribishwa."

"Mimi ni Chini? Agustino alipokuwa hai niliitwa mzee. Amekufa, nami nimeshushwa!"

Nilimtuliza kwa chai, akaondoka bila kusema kama atakuja kwenye misa. Tulipofungua simu mpya tuliona maafa yenyewe. Wanawake wote jina lao la kwanza lilikuwa Mama. Gitting ilikuwa imegeuka ukoo mkubwa kuliko zote za Hanang. Zilibaki wiki mbili. Kuwatumia watu mia saba ujumbe wa namna ile kungeivunjia nyumba heshima, na kutowaalika kungeivunjia zaidi. Agustino hakuwahi kumkosea mgeni, na sikuwa tayari aanze kuwakosea akiwa kaburini.

"Mama, naomba simu ya zamani," alisema Evaline.

Kornelia alicheka. "Wewe? Hata jina la marehemu huwezi kulitaja, utawaitaje wageni wake?"

"Shangazi, kazi hii haitaki mdomo."

Alitueleza akiwa anaunganisha waya kwenye kompyuta yake. Kila mtu katika simu ana kadi yake. Simu ya zamani huandika jina zima kwenye mstari mmoja, na mpya inataka ligawanywe: jina la kwanza hapa, la ukoo kule. Programu ya fundi ilikata tu kila palipokuwa na nafasi, kwa sababu walioitengeneza wanatoka nchi ambako hakuna Mama Perpetua. Yeye angetumia maktaba. Si maktaba ya vitabu. Ni programu iliyoandikwa na watu wengine ikaachwa wazi kwa kila mwandishi wa programu kuitumia, nayo hujua kusoma kadi za aina moja na kuziandika kwa aina nyingine. Yeye angeongeza maagizo yake: Mama, Mzee na Mwalimu viende kwenye sehemu ya cheo, kijiji kiende kwenye anuani, jina libaki jina.

"Ng'ombe akihama zizi hahami ukoo," alisema.

Kadi ziligeuzwa haraka kuliko nilivyodhani. Ila Evaline hakukubali kutuma bila kuhakiki. "Shangazi, nisomee kwa sauti. Mengine mimi siwezi kuyatamka."

Kornelia alinitazama. Kisha akavuta kiti.

"Felician Mkubwa," alisoma.

"Mkubwa ni kijiji gani, shangazi?"

"Kijiji! Mkubwa si kijiji, binti. Ni kaka yake Felician Mdogo!"

Evaline akacheka, akarekebisha agizo. Waliendelea hivyo jioni nzima, na kesho yake tena.

"Padri Clement," alisoma Kornelia.

"Padri ni cheo?" aliuliza Evaline.

"Ukimwondolea upadri atatunyima misa!"

Kila palipokuwa na jina la Agustino, Kornelia alilisoma kwa sauti, mkwe wangu akainamisha kichwa, na kadi ikapita.

Mwisho Evaline aliagiza kompyuta kwamba kila mwenye cheo cha Mzee au Bibi aanziwe kwa shikamoo. Ujumbe wa kwanza ulikwenda Yaeda Chini. Hatukupata jibu. Tukatuma mialiko mingine yote, na majibu yakaanza kuingia mfululizo: "Asante kwa kunikumbuka." "Tutakuja na wajukuu."

Siku ya misa kanisa halikutosha, watu wakasimama hadi kwenye mahindi. Mzee Akonaay alikuja na boma lake lote. Baada ya chakula alisimama, akainua simu yake, akawasomea watu: "Shikamoo Mzee Akonaay. Familia ya marehemu Mwalimu Agustino inakuomba ufike." Akauliza, "Nani aliyeandika hivi?"

Evaline akajitokeza. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniita vizuri." Kisha akamnyooshea simu. "Sasa nitengenezee na hii. Humo watu wamejaa hovyo kama kuku bandani."

Wazee wengine wakaanza kupekua mifuko ya makoti yao. Kabla sijasema neno, Kornelia alikuwa ameshasimama mbele ya mkwe wetu, mikono kiunoni.

"Jipangeni mstari! Na msimpigie kelele. Mkwe wangu hafanyi kazi kwenye kelele."