Mikono Isiyo na Fundo

Nilirudi kwetu kwa gari la moshi, na katika watu wa upande wetu wa Mlali nilikuwa wa kwanza kurudi hivyo. Kwenda pwani nilikwenda kwa miguu, nyuma ya msafara wa wapagazi, bila mtu kunituma wala kunichangia. Nilifagia nyua za watu, nikateka maji, nikalala barazani, mpaka nikaingia shule ya ufundi ya Wadachi na kutoka na cheti cha ushonaji chenye mhuri wa tai. Nilikihifadhi ndani ya kopo refu la bati lililozibwa kwa nta. Niliposhuka Gulwe sikukitia mzigoni. Nilikishika mkononi ili kila aliyekuwepo kituoni aulize ni nini. Wengi waliuliza.

Mama hakuuliza. Nilimkuta ameketi mlangoni pa tembe, nikamwamkia kwa mazoea ya pwani: “Shikamoo, mama.”

Akacheka. “Maneno gani hayo? Sema mbukwa kama mtu.”

“Mbukwa, mama.”

“Mbukwa, mwanangu. Umekonda. Huko pwani wanakula karatasi?”

Ulikuwa mwaka mbaya. Mvua ilikatika mapema, uwele ukakauka ukiwa bado unafika magotini. Watu walichimba mizizi porini. Askari wa boma walipita vijijini wakikusanya wanaume wenye nguvu kwenda kupasua mawe ya njia ya reli, na si wote waliorudi. Aliyekuwa mwalimu wa misheni hakukamatwa, tena alipewa posho ya mtama. Misheni moja upande wa Kongwa ilikuwa ikitafuta mwalimu wa kushona, nami niliitaka kazi ile kama mtu anavyotaka maji. Kutoka Mpwapwa hadi Dodoma sikujua mwingine mwenye cheti kama changu. Nilimwambia hivyo Bibi, mke wa mkuu wa misheni, kabla hajaniuliza.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na vikaragosi sita vya kuchezeshwa kwa nyuzi, vichwa vyake vya mti vimechongwa huko kwao, nguo zake za rangi. Mchwa walikuwa wamekula mikono yote na miguu yote.

“Fundi,” alisema, “kabla ya sikukuu nataka vitembee. Baada ya hapo tutazungumza habari ya kazi.”

Moyoni nilicheka. Mimi niliyeshona makoti ya askari, nishindwe na mikono ya kuchezea? Nikakaa mbele ya cherehani ya misheni. Lakini kidole cha kikaragosi hakizidi bua la nyasi kwa unene. Cherehani ilikimeza kitambaa, na nilipofaulu kushona, nikikigeuza nje ndani kidole kilipasuka. Baada ya siku tatu nilikuwa na lundo la vitu kama makucha ya kuku. Shule ilinifundisha suruali, koti na kanzu. Kidole gumba haikunifundisha.

Mama alikuwa mshonaji wa ngozi. Kabla kitambaa cha amerikani hakijajaa madukani, wanawake wa bonde zima walivaa ngozi alizoshona yeye kwa msharasi, ile sindano nene ya ngozi, na kano za mgongo wa ng’ombe. Sasa macho yake yalikuwa na ukungu wa moshi wa miaka mingi, akishona kwa kupapasa. Niliwahi kuona ala ya kisu aliyoishona, nikatafuta mshono wake nisiuone. Nikakunja amerikani aliyonipa Bibi, nikampelekea.

Alikataa. Kwetu wasichana walichezea mtoto wa bunzi, yaani gunzi la hindi, aliyefungwa kitambaa, shanga shingoni. Mikono hana, miguu hana. Wazee walisema: kitu cha mfano wa mtu ukikipa mkono kitaomba, na ukikipa mguu kitakufuata kuja kuomba.

“Mama, ni kitambaa tu.”

“Na wewe ulikuwa damu tu.”

“Pwani nimeona vitu hivi, havimdhuru mtu.”

“Pwani wana samaki. Sisi mwaka huu tuna nini cha kukipa?”

Ndipo nikamwambia habari ya askari na mawe. Nikamwambia kwamba bila kazi ya misheni nitachukuliwa kama wengine, cheti au bila cheti. Alipapasa ukingo wa kitambaa kwa kucha.

“Nitashona,” alisema. “Lakini mchezo ukiisha uniletee mikono na miguu yote, nifumue kwa mkono wangu. Usiniachie hata mmoja nje.”

“Yote, mama.” Niliahidi kama mtu anavyomwahidi mtoto.

Alishona siku kumi na mbili, mchana kutwa, kwenye mwanga wa uani. Alichomoa nyuzi za amerikani moja moja akazipaka nta. Vidole alivigeuza kwa mwiba wa nungunungu, polepole, kama anayemvisha mtoto mgonjwa nguo. Ndani alijaza manyoya ya mbuzi. Miguu aliipa visigino, na kidole gumba alikiachanisha kidogo na vingine, kama mguu uliokua kwenye mchanga bila kiatu. Kila alipofika mwisho wa mshono alirudi nyuma hatua mbili, akauficha uzi, akakata.

“Mbona hufungi fundo?” nilimuuliza. “Shuleni tulipigwa kwa kusahau fundo.”

“Fundo ni la kitu cha kukaa. Hivi vinarudi.”

Nilimpelekea Bibi mikono kumi na miwili na miguu kumi na miwili. Aliushika mkono mmoja, akavikunja na kuvikunjua vidole vyake.

“Umeshona wewe?”

“Mimi, Bibi.”

“Kwa cheti hiki?”

“Kwa cheti hiki.”

Siku ya mchezo uwanja wa shule ulijaa, wengi wakiwa wamesikia kwamba kutagawiwa uji. Mimi na Bibi tulisimama nyuma ya pazia tukivuta nyuzi. Mwishoni kikaragosi cha mkulima kilipaswa kuinama na kunyoosha mkono, watu wapige makofi. Nikavuta uzi. Kikainama, kikanyoosha mkono, kiganja juu.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye tundu la pazia nilimwona bibi kizee mmoja, jirani yetu, aliyemzika mjukuu wake msimu ule ule. Alisimama, akafungua pindo la nguo yake, akatoa punje chache za mtama, akaziweka kwenye kile kiganja. Akarudi kukaa.

“Na huyu mwingine je?” mtoto mmoja akauliza, akikionyesha kikaragosi cha pili. “Huyu hapewi?”

Mama yake akamziba mdomo. Bibi alicheka, akaninong’oneza kwamba watu wetu wana utani mzuri. Mimi nilikuwa nimeshika uzi. Punje chache hazina uzito, najua. Niliusikia.

Kazi nikapata. Siku hiyo hiyo Bibi alisema vikaragosi ni vizuri mno kukaa sandukuni; vitapandishwa gari la moshi Gulwe, vikaonyeshwe Dodoma na vituo vya mbele. Nilipaswa kusema kwamba mikono ile si yangu, na ina mtu anayeingoja. Nikasema, “Vema, Bibi.”

Mama alianza kungoja. Kila nilipomtembelea aliuliza, “Mchezo haujaisha?” Nikajibu haujaisha. Mwishowe nikachukua kipande kilichobaki cha kitambaa na mwiba wa nungunungu, nikashona mikono na miguu mingine. Nilikuwa nimemtazama siku kumi na mbili, na mimi jambo nikilitazama nalishika. Ilikuwa mizuri, hata leo naweza kuisifu bila haya. Nikaitia kikapuni, nikampelekea.

Aliweka kikapu mapajani. Akatoa mkono mmoja, akaupapasa kuanzia vidoleni, akashuka mpaka kifundoni, akakoma hapo.

“Huu una fundo.”

Niliinamisha macho kikapuni.

“Umeshona vizuri,” alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisifu kazi yangu, nami nilitamani asingesema. “Yangu iko wapi?”

“Imepanda gari la moshi.”

“Inakwenda wapi?”

“Dodoma. Na mbele.”

“Basi inaomba kila kituo.”

Tangu hapo, kabla ya kula, alimega vipande kumi na viwili kutoka kwenye ugali wake, kimoja kwa kila mkono, akavipanga juu ya jiwe la mlangoni. Ugali wenyewe ulikuwa wa kufunika kiganja. Kuku walikula, naye akala kilichobaki. Mifupa ya mabega yake ikaanza kuonekana.

“Mama, mtama wa posho yangu nakuletea ule wewe,” nilimfokea, “si ulishe kuku wa watu!”

“Usinipigie kelele, mwalimu. Hao wako njiani kwa miguu niliyowapa mimi. Wewe ulikwenda kwa miguu yako, na bado nilikuwa nakumegea.”

Sikuwa nikilijua hilo.

Kesho yake nilikwenda kwa Bibi. Njia nzima nilipanga ukweli nitakavyousema. Nilipoingia alikuwa akiandika barua ya kuisifu mikono yangu kwa wakubwa wa pwani, akanisomea. Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikasema: “Bibi, sanduku lirudishwe. Mishono ile haina mafundo, haitadumu. Nataka kuibadili.” Akanisifu kwa uangalifu wangu.

Sanduku lilirudi baada ya mvua za kwanza. Nilikwenda Gulwe mwenyewe, nikalibeba kichwani, mimi mtu wa cheti, kwa kuwa sikuweza kumngoja mpagazi. Nilifungua mbele ya mama. Mikono miwili na mguu mmoja havikuwepo; nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Labda mtu aliona ni dawa. Labda ni mtoto tu.

Alifumua toka asubuhi mpaka kuku walipoingia ndani. Kwa kuwa hakukuwa na fundo, kila mshono ulitoka kwa mvuto mmoja. Uzi aliuzungusha kwenye kijiti, manyoya akayapeleka nje, upepo ukachukua. Kisha akahesabu kwa vidole, mguu akauacha; mkono ndio uombao.

“Mikono miwili.”

“Imepotea, mama.”

“Haijapotea. Iko mahali.”

Vikaragosi nilivirudisha kwa Bibi vikiwa na mikono na miguu niliyoishona mimi, yenye mafundo. Hakugundua. Vilicheza mpaka vita vilipokuja na Wadachi wakaondoka. Mama alianza kumega vipande viwili badala ya kumi na viwili, akanenepa, akaona mavuno mema kadhaa. Lakini mpaka anakufa sikumwona akila ugali bila kumega viwili kwanza.

Cheti changu kiko ukutani, na barua ya Bibi iko kando yake. Nimefundisha mafundi wengi, na hakuna aliyetoka kwangu asiyejua kugeuza kidole gumba. Nani alishona mikono ile ya kwanza, sijapata kuandika popote mpaka leo. Mimi nimesoma, mambo ya bunzi siyaamini. Ila nikila, vipande viwili hubaki pembeni mwa sahani. Mke wangu hudhani ni adabu niliyoitoa pwani, nami sijamsahihisha.