Nilipomzika Mkude Mzima

Nilipokuwa mtoto nilimzika mwenzangu akiwa hai, saa ya mapumziko, mbele ya shule nzima, na nikapigiwa makofi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa jukwaa. Nimevaa magauni ya mke wangu, nimefunga mto tumboni, nimeanguka kutoka kwenye viti mpaka mgongo ukaninunia, na watu wamecheka kuanzia Dar es Salaam hadi Tabora. Lakini makofi ya siku ile bado nayasikia, na nikiyasikia mwili unanisisimka.

Ilikuwa Morogoro, enzi za Mjerumani, reli ikiwa bado mpya. Shule yetu ilikuwa na mabenchi manne. Benchi la mbele walikaa watoto wa pwani, wana wa maakida wa serikali na makarani, kofia zao nyeupe pee. La pili wana wa askari. La tatu sisi wa bara, watoto wa wapagazi waliochoka safari wakaishia hapo. Baba yangu, Mnyamwezi, alibeba mizigo ya Wazungu mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Na la mwisho, kwenye mlango unaoingiza mvua, alikaa Mluguru mmoja peke yake, Mkude. Mwalimu hakutupanga hivyo. Tulijipanga wenyewe, na kila mmoja alijua wa kumdharau.

Sefu, mwana wa akida, aliniita Mzigo. "Mzigo, inama nikupande!" Nami nilimbeba mgongoni kuzunguka uwanja, nikihema, huku wenzake wakiniswaga kama punda. Mpaka siku moja, katikati ya safari hiyo, nikamwona Mkude anapita, nikaanza kutembea kama yeye. Sefu alicheka hadi akadondoka. Nikawa nimepata dawa.

Mkude alishuka mlimani kila alfajiri, na mlima ulikuwa umemfundisha kutembea. Aliinua magoti juu hata pale palipo tambarare. Mkono wa kushoto aliuweka kiunoni kwa nyuma. Shingo haikugeuka kamwe, kana kwamba ana mkungu wa ndizi kichwani. Akitaka kutazama pembeni aligeuza mwili mzima, kama mlango. Nilimwiga mwaka mzima. Nilimjua kuliko alivyojijua.

Na kisingizio nilikuwa nacho. Sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mtani anakuita mchawi, anakunyang'anya tonge mdomoni, nawe unacheka. Kwa hiyo Mkude aliponitazama kwa macho yale yake ya kutulia, nikamwambia, "Usinune, mtani. Kwani nakutukana? Nakutania."

"Na hao wanaocheka," akaniuliza, "nao ni watani zangu?"

Basi nikamwigiza alivyouliza.

Nyumbani nilimwonyesha bibi yangu, mama yake baba, nikitarajia naye acheke. Alicheka kidogo, kisha akaacha ghafla. "Nisikilize, mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita. "Mtani huvaa nguo ya marehemu akaigiza mwendo wake ili wafiwa wacheke. Hiyo ni kazi yetu. Lakini usije ukavaa nguo ya mtu aliye hai ukamchezea msiba. Unakiita kifo, na kifo kikiitwa hakirudi mikono mitupu."

Niliitikia. Mtoto huitikia kila kitu.

Wiki ileile, asubuhi ya mvua, Sefu akanijia. "Mkude tumemchoka. Leta jipya, Mzigo, au leo nakupanda mpaka stesheni." Nikatazama huku na huku. Mkude alikuwa ametandaza mgolole wake ubavuni mwa benchi ukauke, shuka zito la kujifunika baridi. Niliuchukua, nikajitanda.

Wavulana wawili walimkamata Mkude wakamlaza kwenye mtaro uwanjani, wakammwagia majani. Nami nikazunguka kaburi kwa mwendo wake, goti juu, mkono kiunoni, nikilia kwa sauti: "Masikini mshenzi wetu wa mlimani! Kitabu kimemuua! Nani sasa atatuletea ndizi?" Walicheka wakashikana, wakanipigia makofi. Mwalimu alichungulia dirishani, na naapa, alicheka naye.

Mkude hakulia. Aliinuka, akapangusa majani, akanyoosha mkono. Nikampa mgolole. Akaondoka, na mvua bado inanyesha.

Kesho yake benchi la mwisho lilikuwa tupu. Kesho kutwa, tupu. Siku ya tatu nikamwambia bibi.

Alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukamtoka mikononi. "Ulivaa na nguo yake?"

"Ndiyo, Bibi."

Akaketi chini, pale pale kwenye mchele. "Umemmaliza mtoto wa watu."

Asubuhi yake alifunga unga kwenye kitambaa, wa kuomba msamaha, tukapanda mlima tukifuata Mto Morogoro. Tulipokaribia kijiji chao tukasikia wanawake wanalia. Nilikaa njiani nikajikojolea, na mchekeshaji mzuri angeikuza hiyo mpaka mwishoni mwa onyesho, lakini sijawahi kuipeleka jukwaani. Bibi alinivuta kwa sikio mpaka uani.

Kisha mlangoni akatokea Mkude, kichwa kimenyolewa. Nilipiga yowe. Nilidhani nimemwona maiti.

"Nyamaza," akasema. "Aliyekufa ni mjomba."

Mjomba wake ndiye aliyemlea. Siku ile nilipomzika uwanjani, Mkude alirudi akamkuta anatetemeka kwa homa, hasemi tena. Walimzika kesho yake. Siku tuliyofika ndiyo walikuwa wanaanua tanga, na hakuna mtani aliyekuwa amekuja kufanya kazi yake. Mama yake Mkude alipomsikia bibi anajitambulisha kuwa Mnyamwezi akampokea kwa mikono miwili. "Watani wamefika! Mpeni mtoto nguo!"

Aliyeileta ni Mkude mwenyewe. Ulikuwa mgolole uleule.

"Unaujua," akasema. "Ulishauvaa. Ni wa mjomba. Siku ile alinifunika nao kwa ajili ya mvua, yeye akaenda shambani bila kitu."

Nilimtazama bibi. Bibi alitazama chini.

"Mimi simjui mjomba wako," nikanong'ona. "Nitamwigizaje?"

"Tembea tu."

Nikajitanda. Nilijua mwendo mmoja tu. Goti juu. Mkono wa kushoto kiunoni kwa nyuma. Nikageuka kutazama watu, mwili mzima, kama mlango.

Mama yake Mkude akasimama, mikono kichwani. "Kaka!" akasema. "Kaka yangu huyo!" Kisha akacheka, machozi yanamtiririka, na wote wakacheka, wazee kwa watoto, wakinishika shuka, wakiniambia maneno ambayo hawakuwahi kumaliza kumwambia yeye. Mkude peke yake alisimama pembeni, anatazama mwendo aliopewa na mjomba wake ukipita mbele yake.

Wakati wa kuaga nikamwambia nitahamia benchi lake, arudi tu. Akatikisa kichwa. "Mjomba ndiye aliyetaka nisome, makaratasi ya akida yasomwe na mtu wa kwetu. Sasa nani atanituma huko chini nikalale mtaroni?"

Hakurudi. Nilikaa benchi la mwisho peke yangu, na Sefu akanipanda mgongoni mpaka nilipoacha shule.

Bibi alikufa akiamini kwamba kifo nilikiita mimi, kikaja kikamchukua mwenye nguo. Mimi husema ilikuwa mvua na baridi. Nasema hivyo mchana, mbele ya watu. Ila jambo moja sibishani nalo: nilikwenda mwendo uleule mara mbili, ndani ya shuka lileile, na mara zote mbili watu walicheka. Chini kule nguo niliichukua. Juu kule nilipewa. Kabla sijapanda jukwaani nikiwa na vazi la mtu yeyote, hujiuliza kwanza nimelipataje, na ziko jioni ambazo huvua nikarudi nyumbani.