Dua ya Mama Kipaza

Jirani yangu ni dobi. Sisi wapangaji wenzake tunamwita Mama Kipaza, kwa sababu akianza kuomba nyumba nzima inasikia, hata aliye bafuni. Chumba chake kimejaa mashati ya watu kwenye kamba, pasi ya mkaa iko mlangoni, na kitandani yupo mume wake aliyepooza upande mmoja. Mtu akiuguliwa anamwendea yeye kwanza. Anaacha pasi, anafumba macho, anamtaja mgonjwa pamoja na makosa yake. Mimi aliwahi kuniombea niache umbeya, nikaitikia amina huku nimenuna.

Basi uchaguzi ulipokaribia, mheshimiwa wetu akawa mcha Mungu ghafla. Watu hawa mimi sina hamu nao. Tangu tumpe kura hatukumwona ibadani wala msibani, leo kila sentensi yake inaanza na Mungu. Mpambe wake akaja kwa Mama Kipaza, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, watu wanakuamini. Tufungulie mkutano kwa dua. Mwishoni sema tu umeoteshwa kwamba mheshimiwa ndiye chaguo la Mungu."

"Lakini sijaoteshwa, mwanangu."

"Kwani leo hulali?" Akacheka, kisha akamgeukia binti wa mama, muuguzi aliyehitimu na kubaki nyumbani akikunja nguo za wateja. "Na wewe dada, Jumatatu uripoti hospitali. Mheshimiwa keshaongea nao."

Binti alirukaruka kama mtoto. Akapiga pasi sare yake mwenyewe kabla ya shati la mteja yeyote.

Siku ya mkutano nilikaa mbele kabisa, maana ile dua ya umbeya bado haijajibiwa. Mama Kipaza akapewa kipaza sauti, tukafumba macho. Akaombea wagonjwa, akaombea yatima. Alipofika kwa mheshimiwa, akanyamaza. Nikafungua jicho moja. Alikuwa anamtazama binti yake pale chini ya jukwaa, amevaa sare kabisa, Jumatatu hakuingoja. Machozi yalikuwa yanamtiririka mama wa watu.

"Ee Mungu," akasema, "nimeombwa niseme umemchagua huyu mja wako. Hukuniambia. Msamehe barabara aliyotuahidi. Msamehe simu zetu asizopokea. Na mimi nisamehe, nilitaka kukusingizia."

Nani atamnyang'anya kipaza mtu aliye katikati ya dua? Mpambe alihangaika nyuma ya viti kama aliyekalia siafu. Mheshimiwa alibaki ameinamisha kichwa, na uwanja mzima ulipoitikia amina, naye akaitikia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni kicheko kilinikauka. Ukuta wetu ni mmoja, na nilimsikia mama akisema, "Mwanangu, ningemsingizia Mungu, baba yako ningemwombea kwa mdomo gani?"

"Mungu angekusamehe, mama," binti akajibu. "Si husamehe kila mtu? Mimi je, nani atanipa kazi?"

Nilingoja jibu. Mama Kipaza, mwenye maneno ya kila mtu, akalia. Halafu nikasikia binti naye analia, kisha baba, ambaye maneno humtoka kwa shida, akawaita wote wawili waje pale kitandani.