Mupira ya Zakayo

Kila mara vijana wanachoma mipira ya magari mu barabara ya Bunia, ile moshi nyeusi inaniingia mu koo, na miye ninarudia kuwa na myaka tisa, mbele ya kibanda ya papa kule mutaa ya Lumumba.

Papa alikuwa kwado, muziba mipira. Asubuyi moja ya baridi, Zakayo akafika. Alikuwa soda, mwanajeshi, lakini kazi yake ya kweli ilikuwa kamio, lori ya mizigo: simenti kwenda Kasenyi, kule chini kando ya ziwa, samaki kurudi. Mifuko ilipita kichwa ya kamio. Mupira ya nyuma ilikuwa viraka juu ya viraka.

"Jaza mpaka ilie kama ngoma!"

"Shefu, tuache kidogo," papa alijibu na sauti ya kanisa. "Upepo ikipata moto inaomba nafasi. Kule chini jua ni kali."

"Muzee, weye unanifundisha jua? Jaza!"

Papa akajaza.

Mangaribi Zakayo akarudi na miguu, shati yote damu. Mupira ilipasuka mu muteremuko, kamio ikaingia mu bonde.

"Nani alikata mupira yangu?"

Na miye, kwa kiburi ya mutoto mwenye papa anajua vitu: "Hakuna mwenye aliikata! Papa alisema jua itaipasua!"

"Kumbe ulijua, muzee."

Filemoni, jirani tuliyekula naye sombe, majani ya mihogo, ya Noeli, alimushika papa mikono kwa nyuma. Zakayo akaokota chuma ya papa mwenyewe, ile ya kutosha mipira mu rimu. Pigo ya kwanza ilivunja meno. Ya tatu, papa akaacha kuniangalia.

Myaka yote kisha kumuzika nilichukia jua, na kinywa yangu.

Juzi binti yangu Grasi alikuwa anasoma masomo yake kwa sauti. Miye niliishia mwaka ya tatu ya shule, nikamuuliza jua inafanya nini upepo ya mu mupira.

"Baridi iko na mwisho, mama. Digrii mia mbili sabini na tatu chini ya barafu. Nguvu ya upepo inafuata joto yenye kuhesabiwa kuanzia pale. Asubuyi ya Bunia ni kama mia mbili na tisini, jua ya Kasenyi mia tatu na kumi."

"Basi nguvu inaongezeka sana?"

"Kidogo tu. Kama una kumi na tano, unaongeza moja. Mupira muzima inavumilia."

Nikaweka chini sombe yenye nilikuwa ninachagua. Papa alijua mipira kuliko kitabu. Aliona viraka, aliona mifuko. Lakini nani angemuambia soda kosa yake? Akaisukumia jua, maana jua haina bunduki.

Leo ninasema mahali pake. Zakayo, ulipakiza kupita kipimo. Filemoni, ulimushika mikono. Jua haikufanya kitu.