Flashi ya Giga Thelathini na Mbili

Prefe, mkuu wa shule moja ya sekondari hapa Bigo, aliniambia kwamba nikifufua kompyuta ya ofisi yake kabla ya Jumatatu, atanipa masaa ya kufundisha informatiki. Diploma yangu ilikuwa imekaa kabatini mwaka mzima. Kompyuta ilikuwa ya zamani na mfumo wake umeharibika, nikaamua kuiwekea mfumo mwingine, Linux.

Alhamisi nilinunua flashi sokoni, imeandikwa giga 32. Nikapakua faili la mfumo kwa megabaiti za simu, nikalinganisha namba zake za uhakiki, zinazoonyesha kama faili limefika zima, na zile za kwenye tovuti. Zilikuwa sawa. Nikalinganisha tena, herufi kwa herufi, kidole juu ya skrini, maana niliogopa macho yangu yameshaamua kuona sawa. Kisha nikaliandika faili ndani ya flashi. Halikutajwa kosa lolote.

Kompyuta ya prefe iliwaka kwa flashi ile, ikaonyesha menyu, ikaanza kusakinisha mfumo, ikakwama katikati. Nikaanza upya. Ikakwama. Nikapakua faili mara ya pili hadi megabaiti zikaisha. Nikachomoa kadi ya memori ya mashine, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha. Ikakwama palepale. Ijumaa jioni, prefe akiwa nyuma yangu na funguo za ofisi mkononi, nilimwambia memori imeungua, mashine imekufa. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Jumamosi sikuridhika na jibu nililompa prefe. Nikasoma kilichomo ndani ya flashi na kukilinganisha na faili. Sehemu ya mwanzo ilikuwa sawa. Baada ya hapo, sifuri tupu. Flashi ilikuwa na nafasi ndogo tu, si giga 32. Kila kilichozidi ilikipokea na kukitupa, kimya. Nilikuwa nimeshuku faili, mashine na macho yangu mwenyewe. Flashi sikuishuku hata kidogo.

Nikarudi kwa muuzaji, nikamwambia flashi yake inatupa faili.

“Weye ulitia nini mule?”

“Mufumo wa kompyuta.”

“Aa, docteur. Ile ni ya nyimbo. Watu ya Mongbwalu wananunua kila siku, hakuna mwenye alirudisha.”

“Kwa sababu Mongbwalu iko mbali.”

Wauzaji wa jirani wakacheka. Akanipa nyingine. Nikafungua kompyuta yangu juu ya meza yake, nikaanza kuijaza flashi yote ili niihakikishe.

“Ndugu, unanunua flashi ama unaioa?” muuzaji akauliza.

Sikuondoka hadi ikajaa.

Jumatatu asubuhi, ofisi ilipofunguliwa, mfumo uliingia bila kukwama. Prefe aliinama kuitazama skrini.

“Vendredi ulisema imekufa,” akanikumbusha ya Ijumaa.

“Nilikosea, Muzee. Ilikuwa flashi.”

“Jana kiisha misa nilipatia mwengine masaa ya sixième, darasa ya mwisho. Ya cinquième, darasa ya chini yake, iko, saa moja kwa juma. Unataka?”

Nilitamani kumweleza zile sifuri zote, na jinsi flashi ile isivyolalamika. Nikasema nataka.