Makaa Yasiyo na Moshi

Kwa miaka mingi Anatoli wa Kalinzi alifanya kazi Uarabuni, katika kiwanda cha mbolea. Huko naitrojeni na haidrojeni hupitishwa juu ya chembe za chuma, zikatoka zikiwa amonia. Chuma hicho, ambacho wataalamu hukiita kichocheo, huziunganisha hewa hizo bila chenyewe kuisha. Lakini ikipenya kaboni monoksidi, hata kidogo sana, huking'ang'ania na kazi hudorora. Anatoli alikuwa miongoni mwa waliokaa mbele ya vipimo wakiivizia hewa hiyo isiyo na rangi wala harufu.

Aliporudi nyumbani alitueleza sisi majirani kwamba salfa hukiharibu chuma moja kwa moja, ila sumu hii nyingine huondoka: ukipitisha zile hewa mbili zikiwa safi kwa muda, chuma hurudi kazini.

"Kumbe chuma nacho huugua kikapona," mkewe, Domitila, alimtania. "Na mganga wake ni wewe."

Masika yaliyopita Recho, mke wa mwana wao Yona, alijifungua mtoto wa kiume. Baridi ya Kalinzi wakati wa mvua si ya mchezo, na kwetu mzazi huwekewa jiko la mkaa chumbani. Domitila ni mwangalifu. Aliliacha jiko barazani mpaka moshi ukaisha na makaa yote yakawa mekundu, kwa maana sote tuliamini kwamba kibaya ni moshi. Anatoli mwenyewe alilibeba akaliingiza chumbani alimolala Recho, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Mtoto alikuwa sebuleni, mikononi mwa bibi yake. Nami nilikuwa nimekwenda kuwapa hongera.

Baada ya muda mrefu mtoto alipolia, Domitila alimpeleka akanyonye. Tulimsikia akiita, "Recho. Recho, mwanangu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Baba Yona, njoo. Haamki."

Anatoli alifika mlangoni akasimama. Alilitazama jiko, akaitazama ile kanga sakafuni. Sijapata kumwona mtu akibadilika uso namna ile. Alilisukuma dirisha likafunguka kwa kishindo, tukambeba Recho hadi nje, manyunyu yakimwangukia.

"Atapata baridi," Domitila alisema, akivua mtandio.

"Usimfunike uso, Mama Yona. Mwache avute hewa."

"Kwenye mvua hii?"

"Hata kwenye mvua."

Gari la mnunuzi wa kahawa lilituteremsha hadi hospitali mjini Kigoma. Recho aliwekewa oksijeni. Daktari akatueleza kwa upole kwamba hewa ya makaa, kaboni monoksidi, hukamata chuma kilichomo katika damu, na kwamba oksijeni huibandua kidogo kidogo.

"Najua," Anatoli alisema. "Najua, daktari."

Jioni muuguzi alitoka akasema Recho amefumbua macho na anauliza mtoto yuko wapi, ila mtoto asiingizwe wodini kwa sasa.

Domitila alimtazama mumewe. "Baba Yona, kule kiwandani ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

"Nilikuwa nalinda chuma kisiguswe na hewa hii."

Domitila alimkabidhi mtoto, akaingia kwa Recho. Anatoli alibaki kwenye benchi, macho mlangoni kama aliyesahau alichopakata, hata nikalazimika kuweka mikono yangu chini ya yake, tusije tukamwangusha mtoto.